Muvi ya masaa matatu mtu anamenya viazi, hivi ni mimi tu ninayezipenda hizi?

binti_makambako aliuliza:

Habari zenu wadau, naombeni mnisaidie maana hapa nyumbani nimeshaanza kuonekana sina akili timamu.

Wiki mbili zilizopita niliangalia muvi ya Ubelgiji ya mwaka 1975 inaitwa Jeanne Dielman, jina lake kamili linaendelea mpaka na anwani ya nyumba, namba 23 quai du Commerce huko Brussels, yaani kama bahasha. Kaitengeneza mwanamama Chantal Akerman. Nilisikia mwaka 2022 wale wa jarida la Sight and Sound wanaopigisha kura kila baada ya miaka kumi waliiweka namba moja, ikazipita za kina Hitchcock na Orson Welles, nikajiandaa kabisa kukutana na maajabu. Nikakutana na mjane anamenya viazi.

Sitanii. Masaa matatu na dakika 21. Siku tatu za mama mmoja na mwanae wa kiume ambaye karibu haongei. Anachemsha, anatandika, anang'arisha viatu vya mtoto, akitoka chumba anazima taa, akiingia chumba anawasha. Muziki wa kukuambia hapa huzunika hakuna. Kamera imekaa pale kama mtu kaisahau. Nikajiambia dakika kumi nazima nalala, nikaja kumaliza usiku wa manane na kesho yake nina kazi.

Sasa kilichonishangaza zaidi ni mama yangu. Mama hapendi muvi kabisa, anasema ni watu wazima wanadanganyana. Alikuja na ungo wake wa maharage akakaa pembeni anachambua, akawa anaangalia. Kifaransa hajui, mimi mwenyewe nasoma maandishi ya Kiingereza ya chini. Baada ya muda akasema "huyu mama hana amani." Nikamuuliza umejuaje mbona hajasema kitu, akasema "we angalia anavyokunja vitu." (Kuna mambo ya mchana ya huyo mama, wageni wa kiume na pesa, sitayamaliza hapa kwa ambao hamjaiona. Ilipofika hapo mama akakumbuka ana sufuria jikoni. Na wala kamera haiingii, inabaki koridoni mlango umefungwa.) Halafu siku ya pili viazi vikapitiliza motoni na yule mama akawa anatembea na sufuria ndani ya nyumba hajui aiweke wapi, mpaka bafuni kaingia nayo, mama yangu akaacha kuchambua maharage akasema "haya, kimeshamkuta kitu." Nywele zilinisimama jamani, kwa viazi!

Kaka yangu akapita akacheka akasema hiyo si sawa tu na Bongo muvi, gari linapiga honi getini dakika tano mlinzi anatafuta funguo, mbona hizo mnazisema ni mbovu na hii ya wazungu mnaiita sanaa. Nikakosa jibu, na sipendi kukosa jibu mbele yake.

Kwahiyo maswali yangu, tofauti ni nini hasa? Nyie mnaoangalia hizi za polepole zenye maisha ya kawaida mnapata nini? Na mnitajie nyingine, ila fupi tafadhali, mama keshaniuliza ya leo iko wapi.

---

mzee_wa_honi:

Dada pole sana 😂 mimi nipo upande wa kaka. Muvi isiyo na stelingi mi siielewi. Hebu fikiria Lufufu enzi zake yupo kibanda umiza anatafsiri hiyo kitu, watu wamelipa kiingilio, "hapa sasa stelingi anachukua kiazi cha pili... anakiangalia... anakimenya... kumbe kuna cha tatu!" Benchi zingerushwa. Viazi namenya nyumbani bure kabisa bila maandishi ya chini.

---

edita_mchovu:

Ngoja nilijibu hili la geti kwa sababu ni mimi. Simaanishi gari hilo hilo alilosema kaka yako, ila nimekata na kuunga picha miaka mingi, harusi, send-off, na zile muvi za DVD zilipokuwa zinalipa, na mageti nimeyaacha mengi sana kwa mikono yangu hii.

Iko hivi. Muvi ilikuwa lazima itoke Part One na Part Two, kila kipande kina bei yake. Unaletewa stori ya dakika hamsini, unaambiwa itoke masaa mawili na kitu. Utafanyaje? Unaacha gari lije kutoka mbali kabisa, honi, mlinzi, geti, gari linapaki, mlango unafunguliwa, kiatu kinashuka kwanza, kisha ngazi, sebule, karibu, asante, utatumia kinywaji gani, juisi, dada wa kazi anaenda anarudi na trei. Dakika saba zimeenda na kilichotokea ni mtu kafika. Hakuna aliyekaa akapanga uangalie geti. Geti lipo linakuchelewesha tu ufike kwenye ugomvi.

Kipimo changu ni kidogo sana, kata uone. Ukiliondoa geti hakuna mtazamaji duniani atakayerudi kukudai. Ondoa viazi vya siku ya kwanza kwa yule mama wa Brussels, basi viazi vya siku ya pili ni viazi tu, vimepitiliza, haya, mbona hata mimi vyangu vinapitiliza. Lile saa la kwanza lote anakupa rula. Unajifunza sahani inakaa wapi, kifuniko cha bakuli la pesa kinarudishwaje, kitufe kipi kinafungwa mwisho, unajifunza bila kujua unajifunza. Halafu anaanza kukosea vitu vidogo vidogo na wewe unapima kwa rula ile ile, kaacha taa, kifuniko hajarudisha, unashtuka peke yako bila violini wala macho yaliyojaa machozi karibu na kamera. Mama yako alikuwa amefika mbali kuliko wengi wanaoandika kuhusu hiyo muvi, yeye rula alikuwa nayo tayari, kaitumia miaka yote jikoni.

Na hapo ndipo mvuto wake ulipo kwa upande wangu. Kwenye kazi ya kawaida unakata pale mtazamaji alipoelewa. Anamenya kiazi, sawa, kaelewa, kata, sekunde tatu. Ukiacha picha iendelee baada ya mtu kuelewa, macho yanakosa kazi yanaanza kujitafutia yenyewe. Yanaangalia mkono, yanaangalia jinsi kisu kinavyokwenda haraka kuliko jana, akili inatoka inaenda kwenye deni la kodi ya nyumba inarudi, na picha bado ipo inakungoja haijakasirika. Yule Mu-Iran Abbas Kiarostami alikuwa anasema anazipenda filamu zinazokupa usingizi ukumbini, halafu usiku kitandani ndio zinakukosesha. Mzee wa honi usione aibu kusinzia, mwenye mali karuhusu.

Mengine ya kujua. Akerman alikuwa hajafikisha hata miaka 25 alipoitengeneza. Aliyeshika kamera ni mwanamke, Babette Mangolte, na karibu timu nzima walikuwa wanawake, kwa 1975 hiyo haikuwa kawaida. Kamera haimfuati mtu na haisogei karibu na uso, imewekwa chini kidogo kwa sababu Akerman mwenyewe alikuwa mfupi na alitaka iwe kimo chake. Zile ishara za mikono alisema ni alizokua akiziona kwa mama yake na wanawake wa ukoo wao. Mama yake alinusurika Auschwitz. Ukishalijua hilo halafu ukarudi kuangalia mtu anavyozima taa kila akitoka chumbani, mh.

Ila nisidanganye, nyingi za hizi ni mbovu pia. Vijana wananiletea kazi, mtu kaweka kamera kwenye stendi kaenda kunywa chai, bibi anafagia dakika nane, nikiuliza kwanini nane na sio tano ananiambia ni minimalisti, yaani msanii wa vitu vichache. Huyo ni geti lile lile limevaa kanzu.

Fupi ya kuanzia na mama, tafuta Borom Sarret ya Ousmane Sembène, Senegali, 1963. Kama dakika 20 hivi. Mtu na mkokoteni wake wa farasi Dakar, siku moja, abiria wasiolipa. Na kama una moyo tafuta ABC Africa ya huyo huyo Kiarostami, 2001, kaipiga Uganda kwa kamera ndogo za dijitali. Waliomwita ni IFAD, ule mfuko wa kilimo wa Umoja wa Mataifa, habari ya watoto yatima wa ukimwi na akina mama wanaowalea. Kuna sehemu umeme unakatwa usiku hotelini. Sikwambii zaidi.

---

binti_makambako:

"Geti limevaa kanzu" 😭 hiyo naiba. Asante mkuu, namsomea kaka sasa hivi.

---

wa_kibokoni:

Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi mwalichukulia hili jambo kama geni lilotoka Ulaya, mimi naona barazani kwetu twalifanya kila jioni. Wakaa, wapita watu, huyu kabeba samaki, huyu leo kapita mara mbili, kwani ana nini, yule mzee leo hakutoka. Hakuna stori. Lakini jaribu kumtoa mzee wa baraza pale umwambie hakuna kinachoendelea, atakucheka. Yuwajua yule kijana ataoa kabla mamake hajajua, na kajua kwa kuangalia viatu.

Ilonishika mimi ni ya Abderrahmane Sissako, yule wa Mauritania na Mali, yaitwa La Vie sur terre, 1998. Saa moja tu. Ni kijiji cha Sokolo huko Mali, alikotoka babake, na mwaka 2000 ndio waja, dunia nzima yangoja milenia, redioni Paris yashangilia. Kule Sokolo watu wenda posta kupiga simu, simu yashika haishiki, mwenye posta apiga tena, "alo, alo". Na kuna wanaume wamekaa kwa viti kivulini mwa ukuta. Jua likisonga kivuli chapungua, wavuta viti nyuma kidogo. Halafu tena. Halafu tena. Filamu nzima warudi kwao. Mwisho kivuli chesha, wanyanyuka.

Wallahi nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza. Ndio sisi! Tena si kicheko cha dharau, ndio tafauti kubwa na zile dokumentari ambapo mwafrika kukaa kivulini ni tatizo linatafutiwa mradi. Yeye kaweka kamera kama mtu alokaribishwa kiti, kafanya ile hesabu ya kivuli ikawa saa ya filamu. Wewe waona wakati ukipita kwa macho, kipande kwa kipande, na huko redioni wanahesabu sekunde kuingia karne mpya kama kwamba ni karne ya kila mtu.

Nliiangalia kwa simu, na faida moja hamkuitaja, kamera isosogea haili bando sana 😄

---

usafi_zamu_ya_usiku:

Mimi niko Sweden mwaka wa tisa huu, kazi yangu ni usafi, kwahiyo nisameheni nikiongea kwa ukali kidogo.

Wenzangu wa darasa la lugha walinipeleka kuangalia Perfect Days ya Wim Wenders, ile ya 2023, mzee anasafisha vyoo vya umma Tokyo. Koji Yakusho alipata tuzo ya mwigizaji bora Cannes kwa hiyo na alistahili, sina neno na yeye, ule uso wake kwenye gari mwishoni siwezi kuusahau. Anaamka, anakunja godoro, anamwagilia miche, kahawa ya kopo, kaseti, chooni, mti, picha ya mti, bafu, kitabu, analala. Tulipotoka wote wakawa wanasema jamani jinsi gani maisha ya kawaida yana uzuri, mimi nami niende nikaanze kuangalia miti. Mmoja akanigeukia akaniambia "wewe hii lazima imekugusa sana."

Imenigusaje? Vile vyoo havina mavi! Masaa mawili ya mtu anayesafisha vyoo na sijaona choo kichafu hata kimoja cha maana. Baadaye nikaja kujua muvi yenyewe ilianzia kwenye mradi wa vyoo vya Shibuya, vyoo vya maonyesho vilivyochorwa na wasanifu majengo wakubwa akina Tadao Ando na Shigeru Ban, kimoja kina kuta za kioo unaona ndani mpaka mtu afunge komeo ndio zinakuwa ukungu. Wenders kwanza aliitwa afanye vifilamu vifupi kuhusu hivyo vyoo. Sawa, nimeelewa sasa kwanini vinang'aa.

Mgongo pia. Yule mzee hata siku moja hashiki kiuno. Mimi nikiamka asubuhi vidole havikunji. Kuna msimamizi wetu mmoja ana saa anapima kila chumba dakika ngapi, ukizidisha anaandika. Mtu wa hivyo kwenye muvi hayupo. Kwahiyo mkisema polepole inaonyesha maisha ya kawaida mimi nauliza ya nani, na kalipa nani. Kuna polepole ya kuangalia na kuna polepole ya kupulizia marashi.

Ila yule mama wa viazi nitamtafuta. Huyo anaonekana anachoka.

---

mzee_wa_honi:

Vyoo havina mavi 😂😂😂 nimeanguka. Dada wa Sweden wewe ndio utafsiri muvi sio Lufufu.

---

edita_mchovu:

usafi_zamu_ya_usiku hapo umenibana kweli. Mimi Perfect Days naipenda na nitaendelea kuipenda, na kuna kitu kimoja nitaitetea, kule kurudia. Mpaka siku ya tatu au ya nne hatuonyeshwi tena kila kitu, ameshatufundisha, akiruka kopo la kahawa tunajua limeruka. Ni rula ile ile. Lakini hilo la msimamizi na saa sikuwahi kulifikiria na sasa halitatoka. Akerman angemweka. Angemweka bila kumwonyesha, ungesikia saa tu.

Sema mtu kupenda kazi yake ya chini sio lazima iwe uongo. Baba yangu alikuwa anapanga matofali anayaongelesha.

---

usafi_zamu_ya_usiku:

Sijasema uongo. Baba yako alipanga matofali na mgongo ulimuuma. Nataka vyote viwili kwenye picha moja, basi.

---

msafiri_wa_thika_road:

Sasa watu wangu. Mimi ni wa Nairobi na sikuwa najua hizi filamu zina jina zenyewe, nilidhani ni filamu zimekosa pesa. Hapa kwetu nimelelewa na DJ Afro, yule huongea juu ya filamu akitutafsiria, hata mapenzi nilijifunza kwake, kwa hivyo kimya kwa sinema kilikuwa kinaniogopesha, nilikuwa nafikiria spika imeharibika.

Ile iliniingia ni Wendy and Lucy ya Kelly Reichardt, 2008. Dakika 80 pekee, binti unaweza anza na hiyo. Msichana na umbwa wake wanaenda Alaska kutafuta kazi, gari inazima katika mji mdogo huko Oregon. Hiyo tu ndio stori. Michelle Williams ndiye anaigiza na umbwa ni wa Reichardt mwenyewe, hata jina lake ni Lucy tu. Msichana anaandika pesa zake kwa kitabu, kila kitu anatoa, petroli, chakula, anabaki na ngapi. Halafu mekanika anamwambia ile gari ina shida gani.

Nilikuwa na pikipiki ya mkopo wakati huo. Injini iligonga mwezi wa pili kabla sijamaliza kulipa, na nilisimama kwa fundi vile huyo msichana alisimama, ukingojea mtu mwingine aseme bei ya maisha yako. Kwa sinema ya kawaida gari ikiharibika ni ya kucheka ama inaleta mpenzi mwenye spana. Hapa gari imeharibika na hiyo ndiyo muvi, kwa sababu kama huna pesa hiyo ndiyo muvi kwa ukweli. Hakuna mtu mbaya. Mekanika si mbaya hata, anampunguzia bei ya kuvuta gari.

Kuna mzee soja wa duka, analinda parking, anamsaidia hapa na pale, anamwachia atumie simu yake. Siku ya mwisho anampatia pesa kwa mkono, anamwambia asikatae, na akienda kamera inakuonyesha ni noti ngapi. Ni kidogo sana. Ni kidogo mpaka unaona aibu, halafu unakumbuka huyo mzee husimama hapo siku nzima. Niliipausi nikatoka nje.

Kwa dada wa Sweden, hiyo mgongo inauma naona Reichardt angekuelewa.

---

usafi_zamu_ya_usiku:

Hiyo ya soja naitafuta wikendi hii. Asante kaka.

---

wa_kibokoni:

Umbwa apatikana au hapatikani? Mke wangu auliza kabla hajakubali kuiangalia.

---

msafiri_wa_thika_road:

Anapatikana. Lakini mwambie asikae bila leso.

---

mzee_wa_honi:

Haya nimerudi na nina malalamiko rasmi dhidi ya edita_mchovu.

Jana usiku nikasema ngoja niangalie hiyo ABC Africa, ya Uganda, jirani, angalau nitaona sura ninazozijua. Ni kweli watoto wanacheza na kamera mpaka raha, akina mama wanahesabu pesa zao za kikundi, kuna sehemu hospitali sitaki hata kuisema, kile kiboksi. Sawa. Halafu wanafika hotelini usiku, mara pap, umeme umezimwa. Skrini nyeusi. Nikangoja. Nyeusi. Nikadhani simu imezima, nikabonyeza, nikaipiga piga mgongoni, nikatoa chaji nikarudisha. Nyeusi! Mara nasikia sauti, kumbe jamaa wanaongea gizani, wanatafuta vyumba vyao, wanapapasa ngazi, wanasema hawa watu wanaishi hivi kila usiku.

Na mimi nilikuwa nimelala gizani maana kwetu umeme ulikuwa umeenda tangu saa mbili.

Yaani nilikaa dakika sijui ngapi mimi kwenye giza langu naangalia giza la kwao la mwaka 2000, simu mkononi haitoi mwanga. Nikawa nasikia kila kitu, mbu wao na mbu wangu. Halafu radi ikapiga kule ukaona mti dirishani sekunde moja, nyeusi tena. Nikashtuka kama bomu limelipuka kwenye muvi ya Kihindi. Mti tu jamani. Sijui nikoje.

Msinitanie. Na bado Jeanne wa viazi siangalii.

---

edita_mchovu:

Malalamiko yamepokelewa 😂

---

wa_kibokoni:

"Mbu wao na mbu wangu." Huyu ashaingia, mleteeni kiti kivulini.

---

binti_makambako:

Nimerudi kutoa ripoti. Jumapili baada ya kanisa tumeangalia Borom Sarret, mimi, mama na ungo wake, na kaka akasema anapita tu, akasimama mlangoni na ufunguo wa pikipiki mkononi.

Mama alianza kumgombeza yule mwenye mkokoteni tangu mwanzo. Mbona anawabeba bila kuwadai, mbona kampa pesa yote yule mwimba sifa na nyumbani hakuna chakula. Ilipofika yule baba kabeba maiti ya mtoto wake akafukuzwa makaburini kwa sababu ya makaratasi, akanyamaza. Halafu jamaa akakubali kumpeleka abiria kule mtaa wa matajiri ambako mikokoteni haifiki, na askari akamkamata. Medali ya jamaa ikaanguka chini, askari akaikanyaga kwa buti na huku anaandika, buti liko palepale juu ya medali, hajui au anajua. Kaka mlangoni akasema "aisee." Ufunguo akaurudisha mfukoni.

Mkokoteni ukachukuliwa, jamaa akarudi nyumbani na farasi wake tu. Mke wake hakugombana. Akampa mtoto ashike, akasema leo tutakula, akatoka nje ya ua.

Mama akauliza "anakwenda wapi?"

Kaka akamwambia "subiri mama, si wataonyesha."

Muvi ikaisha.